Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kazi ifundishwe kazini

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia sisi walimu wa elimu maalumu na wakufunzi wa kazi. Tunaowasemea ni vijana wenye ulemavu wa akili, wenye usonji (otizimu) na wenye matatizo ya ujifunzaji, wanaomaliza mafunzo ya stadi za kazi wakiwa na cheti mkononi lakini kazi yenyewe hawajaigusa. Ombi letu ni moja: fedha za mafunzo hayo zitoke darasani ziende mahali pa kazi halisi, na zimlipe mkufunzi wa kukaa huko na kijana.

Kijana aliyefundishwa kupiga deki ukumbi wa shule amejifunza kupiga deki ukumbi ule, kwa ndoo ile, na bomba lile la maji. Mpeleke kwenye jengo jingine ambako ndoo ina magurudumu na maji yako ghorofa ya chini, atasimama. Kwa wengi wenye ulemavu wa akili, kuhamisha ujuzi kutoka mahali pamoja kwenda pengine ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo sehemu ambayo mafunzo ya darasani yanawaachia waifanye peke yao. Msimamizi akimwona amesimama anasema hawezi. Anarudishwa darasani "aandaliwe zaidi", na wengine huandaliwa hivyo mpaka umri wa kusoma unawapita.

Utaratibu wa kugeuza mambo upo na umeshajaribiwa. Tangu miaka ya 1980, Marekani ilianza kueneza mtindo wa kumpa mtu kazi kwanza kisha kumfundisha palepale. Mwaka 1996, hospitali ya watoto ya Cincinnati ilianza na kazi ya kujaza vifaa kwenye idara yake ya dharura. Programu iliyozaliwa hapo, Project SEARCH, humweka mwanafunzi mwaka mzima wa masomo ndani ya sehemu ya kazi, akizunguka kwa kawaida vitengo vitatu. Hakuna uchawi ndani yake. Kuna kazi halisi, muda wa kutosha, na mtu anayejua kufundisha hatua kwa hatua.

Hilo la hatua kwa hatua tuliseme kwa kina, maana ndipo programu nyingi zinapoharibikia. Chukua kukunja mataulo kwenye chumba cha kufulia. Mkufunzi huanza kwa kufanya kazi hiyo mwenyewe zamu nzima, kwa jinsi wafanyakazi wa pale wanavyoifanya, ndipo anaandika: chukua taulo moja, litandaze mezani, lebo ikiangalia chini, shika pembe mbili za kulia, zipeleke zikutane na za kushoto, lainisha kwa kiganja, kunja theluthi ya kwanza, kunja theluthi ya pili juu yake, liweke rafuni, mkunjo ukielekea nje. Hatua 8. Mtu asiyeifanya kazi hiyo angeandika moja tu, "kunja taulo", halafu angeshangaa kwa nini kijana hashiki.

Hatua zinazokwamisha hujulikana mapema. "Lainisha" inasumbua kwa sababu haina mwisho unaoonekana: kijana atapitisha kiganja mara 20, au hatapitisha kabisa. Mwambie apitishe kiganja mara mbili tu, kutoka kwenye mkunjo kuelekea ukingoni. "Theluthi" inasumbua kwa sababu taulo halina alama. Dawa yake ni mezani, si kichwani mwa kijana: bandika mistari miwili ya utepe wa rangi pale mkunjo unapotakiwa kufika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani Marc Gold aliwafundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili kuunganisha breki za baiskeli, na waliopewa vipande vilivyopakwa rangi upande unaopaswa kuwaelekea walijifunza haraka zaidi. Rangi kidogo ilifanya kazi ambayo maelezo marefu yasingeifanya.

Kisha tunafundisha kuanzia mwisho. Mkufunzi anakunja hatua 7, kijana anaweka rafuni. Kila mzunguko unaishia na taulo lililokamilika mikononi mwake. Akiweza hiyo bila msaada siku tatu mfululizo, anaongezewa inayoitangulia. Kila asubuhi, kabla ya neno lolote la msaada, mkufunzi anamwacha ajaribu mara moja na kuweka alama ya ndiyo au hapana kwa kila hatua. Karatasi hiyo moja inaeleza maendeleo yake kuliko ripoti ya muhula.

Kosa letu kubwa walimu, na tunalisema kwa sababu mafunzo ya ualimu hayalirekebishi, ni kuongea mno. Tukisema "haya, endelea" baada ya kila hatua, sauti yetu inakuwa sehemu ya kazi. Siku mkufunzi asipokuwapo, kijana anamaliza hatua ya kwanza na kusubiri sauti. Wanaomwona wanadhani ni mvivu. Ndiyo maana msaada hutolewa kwa mpangilio: subiri kwanza kama sekunde 5, hajaanza, elekeza kwa kidole, bado, mwonyeshe, bado, muongoze mkono kwa ridhaa yake. Maneno yawe machache. Pongezi zije taulo likishafika rafuni. Na mkufunzi ajiondoe kwa kadiri karatasi inavyoruhusu: kutoka ubavuni, kwenda hatua mbili nyuma, kwenda ng'ambo ya chumba, kwenda chumba kingine, hadi kupita mara moja kwa wiki. Bajeti inayomwondoa baada ya wiki kadhaa zilizopangwa kwenye kalenda, bila kuangalia karatasi, inapoteza hata fedha zilizokwisha kutumika.

Msimamizi wa pale atoe maagizo mwenyewe kuanzia siku ya kwanza. Akizoea kumwambia mkufunzi "mwambie afanye hivi", kijana atabaki mgeni kwenye kazi yake. Na mkufunzi asikunje mataulo ili rundo liishe. Akifanya hivyo, mwajiri hatajua anamlipa nani kwa kazi gani.

Ajira nyingi za vijana hawa hazivunjiki mezani pa kazi. Zinavunjikia pembeni: kwenye mapumziko, safarini, siku ya ugonjwa. Dakika 30 za mapumziko ni ngumu kuliko zamu, kwa kuwa hakuna aliyesema zifanywe nini. Saa ya mkononi yenye mtetemo inatosha kumrudisha kwa wakati bila mtu kumwita mbele ya wenzake. Safari ifanyiwe mazoezi saa ileile atakayosafiri, pamoja na lile jambo linaloogopwa: basi likikupitiliza kituo unashuka wapi, unampigia nani. Sabuni ikiisha, nani anaambiwa na kwa maneno gani. Haya yaingie kwenye mtaala kwa majina yake, badala ya kufichwa ndani ya neno "nidhamu".

Tunaomba pia wizara iache kuwaweka wote kapu moja. Kijana mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, hahitaji hatua 8 za taulo; anahitaji maagizo ya mdomo au ya sauti iliyorekodiwa, na fomu ya maombi anayoweza kuijaza kwa kusema. Mwenye usonji huenda akawa mwepesi kuliko msimamizi wake, ila kelele za mashine zikamtoa. Vizuia kelele vya masikioni na ratiba isiyobadilishwa ghafla vinaweza kumbakiza. Wote wapimwe macho na masikio kabla ya mtu yeyote kuandika kwamba hawaelewi.

Kwa waajiri, usaili wa maswali unampima mtu kuongea. Uruhusiwe ubadilishwe na majaribio ya kazi ya saa mbili, yarudiwe siku ya pili, kwani siku ya kwanza hupima woga. Majaribio hayo yawe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Yasipokuwa nayo, yanageuka kazi ya bure, na tunaipinga kwa nguvu zote: kazi ileile, ujira uleule. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 27, unataja haki ya kufanya kazi kwa usawa na wengine, marekebisho ya mahali pa kazi, na uzoefu unaopatikana katika soko la wazi la ajira. Soko la wazi halipatikani kwenye karakana iliyojengwa nyuma ya darasa.

Muda nao ni tatizo. Sheria ya elimu maalumu ya Marekani inataka mipango ya kuingia maisha ya kazi iwemo kwenye mpango wa mwanafunzi kufikia umri wa miaka 16. Sisi tunaomba miaka 14, kwa sababu kijana wa aina hii anahitaji kuonja kazi tatu au nne kabla ya kujua ipi anaipenda, na kila moja inakula miezi.

Mwisho, fomu. Mnahesabu waliojiandikisha na waliohitimu, na kinachohesabiwa ndicho vyuo hukishughulikia. Ongezeni safu hizi: hatua alizozifanya bila msaada, saa anazolipwa kwa wiki, na kama bado yupo kazini baada ya miezi 3, 6 na 12. Safu hizo zikijazwa kwa ukweli kwa mwaka mmoja, mtaona wenyewe fedha ziende wapi.

Karatasi za hatua tunazo, za usafi, ufuaji, upangaji wa rafu na usambazaji wa barua za ofisini, na tuko tayari kuzikabidhi bila malipo. Jengo la wizara lina kazi zote nne. Tunaomba vijana watatu wa kwanza waanzie hapo, na mkufunzi wao.

Kwa heshima,
Walimu wa elimu maalumu na wakufunzi wa kazi