Risala ya Klabu ya Sheria na Mdahalo kwa mgeni rasmi, wakili wetu wa utetezi

Mheshimiwa mgeni rasmi wakili msomi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni. Kwanza mtusamehe kwa jua, turubai ni moja na limeishia kwa wazazi.

Mama wakili, kabla ya yote tuna jambo la kukiri. Mwaka jana tulifanya mdahalo, mada ikisema anayemtetea mhalifu naye ni mhalifu, na waliounga mkono walishinda asubuhi tu, hata patroni alipiga makofi. Kila mtu hapa ana stori ya mwizi aliyekamatwa jana na leo yuko kijiweni anakunywa kahawa, kwa hiyo tukajua kazi ya wakili ndo hiyo, kuwatoa. Hatukujua kama dhamana ni kitu kingine na kushinda kesi ni kitu kingine kabisa.

Halafu likatokea la kaka wa mwenzetu mmoja wa fomu siksi. Ni fundi pikipiki, alikamatwa usiku akaambiwa ni unyang'anyi wa kutumia silaha, na kosa hilo halina dhamana na ukitiwa hatiani ni kifungo kisichopungua miaka 30. Kila baada ya siku 14 karandinga linamleta, mwendesha mashtaka anasimama anasema upelelezi haujakamilika, kesi inapangiwa tarehe nyingine, anarudishwa mahabusu. Mama yake alikuwa anakuja na chakula kwenye hotpoti na mara nyingine anarudi nacho. Ikaenda hivyo miezi 17. Ng'ombe wawili waliuzwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria, ya kuwasaidia wasio na hela ya wakili, ipo toka 2017 lakini pale kijijini hakuna mtu aliyewahi kumwambia huyo mama kwamba kuna kitu kama hicho.

Wewe uliichukua hiyo kesi kwa hela ambayo hatutaitaja hapa maana utaaibika, ni ndogo mno.

Siku ya shahidi wa kwanza tulikuwa nane tumekaa benchi la nyuma na sare zetu, na kwa kuwa lugha ya mahakama ni Kiswahili toka sheria ibadilishwe 2021 tulielewa kila kitu. Shahidi akasema alimtambua kabisa mshtakiwa kwa macho yake. Sisi tukaangaliana, tukajua imeisha hiyo. Ukasimama taratibu, wala hukufoka kama mawakili wa kwenye tamthilia, ukaanza kumuuliza vitu ambavyo tuliona vya kitoto: ulikuwa umbali gani, taa ilikuwa ya aina gani, ilikuwa wapi, mwanga wake mkali au hafifu, tukio lilichukua dakika ngapi, huyu ulikuwa unamfahamu kabla? Akasema anamfahamu vizuri tu, ndo anamtengenezeaga pikipiki. Ukamuuliza sasa ulipofika polisi usiku ule ule ulimtaja jina? Kimya. Hakumtaja. Maelezo yake ya polisi unayo mkononi, yanasema watu wasiojulikana.

Baadaye pale nje chini ya mwembe ndo ukatufafanulia kwamba maswali yale hukuyatunga wewe, yametoka kwenye kesi ya mtu aliyeitwa Waziri Amani (ni jina lake, si waziri wa serikali) ya 1980, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kutambua mtu kwa macho ni dhaifu na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Tangu siku hiyo tumeikariri kuliko formula za fizikia. Na ulitukumbusha ibara ya 13 ya Katiba, kwamba mshtakiwa asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike, na mwenye kazi ya kuthibitisha ni upande wa mashtaka, yeye hadaiwi kuthibitisha kuwa hana kosa. Hakimu alisema hana kesi ya kujibu, yaani ushahidi hautoshi hata kumtaka ajitetee, akamwachia. Mwenzetu alilia mpaka askari wa mahakama akamtoa nje.

Mgeni rasmi, wengine hapa wanadhani ulizaliwa na joho. Ulianza kama karani, miaka sita unachapa mienendo ya kesi za watu wengine, na ulituambia huko ndo ulikojifunza kusikiliza. Ukasoma shahada ya sheria tayari una watoto wawili, ukaenda Law School Dar, kule wenye shahada wanakofundishwa uwakili, ukaapishwa mbele ya Jaji Mkuu ukaingia kwenye orodha ya mawakili. Kuhusu Law School kwa kweli tunaogopa, matokeo ya 2022 yalipotoka wamefaulu 26 kati ya watu 633 nchi nzima ilishtuka, na baba wa mwenzetu mmoja hapa alimwambia bora akasomee ualimu. Tunaomba leo uongee na huyo mzee, amekaa mstari wa pili, kofia ya kijani.

Maombi yetu mengine ni machache. Tuna nakala moja ya Katiba, haina jalada, na kitabu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai tunaazima kwako kila mara, tunaomba tupate chetu hata kilichotumika. Tunataka tufanye mahakama ya kuigiza muhula ujao, majoho tutashona wenyewe ila tunahitaji mtu wa kukaa kama hakimu atukaripie vizuri. Na ile mada ya mwaka jana tumeamua kuirudia, tunaomba uwepo, ila usikae upande wowote, tunataka tushinde wenyewe.

Chai iko bwaloni, maandazi wamepika fomu tuu kwa hiyo tuwahi kabla hawajayamaliza.

Tunaomba kuwasilisha.
Katibu, kwa niaba ya wanaklabu