Vita ya 1914 ingetupita, nani angebaki hai?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila ikitajwa vita ya kwanza ya dunia watu wanaishia kumsifia Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, ati alikuwa fundi, ati aliwazungusha Waingereza miaka minne wasimkamate, halafu mwingine anadakia kwamba isingekuwa hiyo vita leo tungekuwa tunaongea Kijerumani. Mimi naona wote wanaanzia pasipo.

Kwanza haikuwa lazima ipiganwe huku. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha mlango kwamba wakubwa wakigombana kwao Ulaya, makoloni ya ukanda huu yanaweza kukaa pembeni. Schnee, gavana wa Mjerumani huku kwetu, alitaka hivyohivyo, na Belfield, gavana wa Mwingereza kule Nairobi, naye hakuwa na hamu ya vita. Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, ikaupiga mnara wa redio pale Dar, maofisa wake wakakubaliana na Wajerumani kwamba Dar na Tanga zisiguswe, ila wakubwa wao London wakagoma kuyatambua makubaliano hayo. Na Lettow naye hakuwa anamsikiliza gavana wake, katikati ya Agosti hiyohiyo vijana wake washaingia Taveta, upande wa Mwingereza. Novemba Tanga ikawaka, imetoka hiyo.

Sasa tufanye Schnee amesikilizwa. Kijerumani? Thubutu! Ujerumani ingepigwa tu kulekule Ulaya, na kwenye mkataba wa amani wa Versailles 1919 makoloni yake yangegawanwa mezani hata kama huku hakijasikika kishindo. Lettow mwenyewe alilijua hilo, alichotaka ni kuwashikilia huku wanajeshi wengi wa Uingereza wasipelekwe Ufaransa. Kwahiyo sisi tulikuwa chambo tu, samaki yuko kwingine.

Ramani ingebadilika sehemu moja, tena kubwa. Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja na sisi, Mbelgiji alizipata kwa sababu 1916 majeshi yake yalitoka Kongo yakaingia Kigali mpaka Tabora, alichokanyaga akang'ang'ania. Bila vita angezipata kwa hoja gani? Yawezekana kabisa Mwingereza angekabidhiwa zote pamoja na Tanganyika na leo mtu wa Bujumbura angekuwa anafuatilia faili lake Dar au Dodoma. Sisemi yaliyotokea Rwanda baadaye yasingetokea, hapo siendi, maana hata Mjerumani alitawala kupitia mwami, yaani mfalme wa huko. Lakini vile vitambulisho vya kabila vya miaka ya 1930 vilikuwa kazi ya Mbelgiji.

Ila mimi kinachoniuma zaidi ni wapagazi. Gari hazikupita, wanyama walikufa kwa mbung'o, kwahiyo risasi, unga, dawa, hadi vipande vya mizinga vikabebwa kichwani, kutoka Kilimanjaro mpaka Ruvuma na kuvuka Msumbiji. Upande wa Waingereza peke yake walikufa zaidi ya 90,000, wengi wala siyo kwa risasi, ni kuhara, malaria na kulishwa chakula nusu. Upande wa Lettow hata hesabu ya maana hakuna, huyo fundi wenu alikuwa anachukua watu na ghala za vijiji anakopita, na Waingereza wakija nyuma wanakomba kilichosalia. Na kusini walikuwa hawajamaliza hata miaka kumi tangu Maji Maji na njaa yake! Ugogo ndo balaa, ng'ombe wamechukuliwa, nafaka imechukuliwa, wanaume wamechukuliwa, mvua nayo ikagoma, ikaja Mtunya, ile njaa kuu ya 1917 hadi 1920, na mafua ya 1918 yakakuta watu washakuwa mifupa.

Hao ndo wangebaki, wao na wajukuu wao, na mashamba yasingerudi pori. Uhuru sidhani kama ungewahi, mkoloni ni mkoloni tu, lakini Mwingereza angepokea nchi yenye watu na mifugo.

Halafu angalieni ile sanamu ya askari pale barabara ya Samora, Dar, kasimama peke yake na bunduki. Wenzetu Nairobi angalau kwenye yao wamemuweka na mpagazi. Hapa kwetu Kariakoo penyewe ilikuwa kambi ya wapagazi na sijaona hata kibao.

Mhariri, kama una mwandishi Dodoma mtume Mpwapwa na Manyoni akae na wazee waliosimuliwa Mtunya na bibi zao, awaachie kurasa mbili nzima, mambo ya Lettow tumeshayasoma ya kutosha.

Msomaji wenu,
Morogoro