Tuwapeleke watoto shambani Hombolo, mara mbili

Mbukwenyi, ndugu wazazi, walezi, majirani na wote mliosoma hapa.

Mwezi wa pili niliwaambia watoto wa darasa la nne wachore mzabibu. Watoto wa Dodoma, zabibu wanazila tangu hawajaota magego, nikajua ni kazi nyepesi. Wengi walichora mti kama mwembe, vichala vinaning'inia juu kabisa. Mmoja alichora ndoo. Nikamuuliza, mzabibu uko wapi? Akasema, "Si huu, Mwalimu, wa pale stendi."

Ofisini tulicheka mpaka chai ikapoa. Halafu tukakumbuka kwamba mwaka jana darasa la nne tulilipeleka shambani, tena wakati wa mavuno. Walikula, wakapiga picha, wakarudi na midomo ya zambarau. Jumatatu hakuna aliyeweza kueleza kichala kimetoka wapi. Kosa lilikuwa letu, tuliwapeleka kwenye sahani.

Mzabibu wa huku kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, na anayeuamuru ni mkasi. Usipopogolewa unahangaika na majani tu. Ukipogolewa, penye kidonda panadondoka maji kama machozi, macho yanafumuka, na vichala vinatokea kwenye vichipukizi hivyo vipya. Kama miezi minne baadaye zabibu zimeiva. Hapo katikati kuna samadi, kuna maji, kuna kuwahi ugonjwa wa ubwiriunga kabla haujapaka vichala unga mweupe.

Kwa hiyo safari hii tunaomba ziwe mbili: Mei kupogolea, Septemba kuvuna. Mzazi mwenzetu mwenye shamba Hombolo amekubali kila mtoto afunge uzi wenye jina lake kwenye mzabibu mmoja, aukute hapohapo akirudi. Atawaonyesha pia zabibu zinavyokamuliwa mchuzi, ule unaouzwa viwandani kwa ajili ya mvinyo. (Mama mmoja wa kamati ameuliza kama watoto wataonjeshwa. Hapana, mama. Watakula zabibu.)

Watoto ni 86 na watu wazima 6. Coaster tatu, 250,000 kila moja kwa siku, kwa safari mbili ni shilingi 1,500,000. Wali, maharage na maji ni 3,000 kwa kichwa kila safari, jumla 552,000. Nyuzi, vibao vya majina na sanduku la huduma ya kwanza, 48,000. Zote pamoja 2,100,000. Kamati imeshakusanya 640,000, zimebaki 1,460,000.

Najua kuna atakayesema gari la bei hiyo ni anasa. Mwaka jana tulichukua la bei nafuu, likatufia njiani saa tisa alasiri, na watoto wakaingia majumbani baada ya isha. Wazazi waliosimama getini jioni ile hawahitaji maelezo zaidi. Tutakodi magari yaliyokaguliwa, na dereva atakayeonekana amechoka hatuondoki naye.

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi haina ada, na mchango huu ni wa hiari kweli, si hiari ya kuitiwa jina mstarini. Mtoto ambaye kwao hawakutoa atapanda gari kama wenzake, na daftari la michango halitasomwa mbele ya darasa. Mwenye 2,000 alete, mwenye uwezo wa kubeba watoto watano awabebe. Pesa zipokelewe na mhasibu wa kamati tu, ofisini, kwa risiti. Mwisho ni tarehe 30 Aprili, na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo baada ya kila safari.

Mwenye shamba hataki malipo. Ameomba samadi. Wenye ng'ombe na mbuzi, kiroba kimoja kimoja kinatosha, tutazipeleka kwa guta siku moja kabla. Iwe kavu, tafadhali. Stoo yetu imepakana na darasa la kwanza.