Anahubiri heshima jukwaani, nyumbani anampiga mpenzi wake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 22, mwaka wa tatu chuoni hapa Nairobi. Ninaishi Zimmerman (mtaa nimeubadilisha, utanisamehe) na rafiki niliyetoka naye shule ya upili. Chumba ni kimoja, tumekigawa kwa pazia, na sehemu kubwa ya kodi analipa yeye. Hilo nalitaja mapema kwa sababu limo katika aibu yangu.

Msichana wake huja wikendi. Mwanzoni nilisikia mizaha tu ya rafiki yangu: "Lete simu nione." Mizaha ikageuka sheria. Lazima ajue nywila ya simu, lazima asome jumbe za M-Pesa ajue nani katuma pesa, na binti akichelewa maktaba anatakiwa kupiga picha ya meza aliyokalia na kuituma. Kikundi chake cha kusoma alikiacha kwa kuwa kina wavulana wawili. Nilidhani ni wivu wa kawaida, hata nikamtania rafiki yangu kwamba amenaswa.

Jumapili mbili zilizopita nilisikia kofi. Kisha jingine. Kimya, halafu sauti ya rafiki yangu ikibembeleza, eti ni mapenzi yanayomfanya awe hivyo. Shangazi, nilitia visikizi masikioni. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, nikaongeza muziki hadi mwisho. Binti alipotoka kuchota maji jicho lilikuwa limevimba. Alininong'oneza, "Usiseme kitu, utaniongezea."

Kinachoninyima usingizi zaidi ni hiki: mimi na rafiki yangu ni waelimishaji rika, na yeye ndiye mwenyekiti wetu. Januari 27, 2024, maelfu ya watu walipoandamana jijini kupinga mauaji ya wanawake, tulikuwemo. Alibeba bango na kupaza sauti mpaka ikamkauka. Sidhani alikuwa akiigiza. Naamini aliyoyasema aliyaamini, ila haoni kwamba simu anayoipekua kila wikendi imo katika mambo yale yale.

Mafunzo yetu yalichukua siku mbili. Ukimwi, pombe na mimba tulivichambua hadi jioni. Vurugu za wapenzi zilipewa nusu saa kabla ya chai: ukipigwa, piga simu 1195, ni bure usiku na mchana, ukibakwa, fika hospitali kabla ya saa 72 kupita ili upewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, kituo cha polisi ulizia dawati la jinsia, na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, usiisahau. Yote ni kweli na nimeyakariri, lakini yanamfaa aliyekwisha kuumizwa. Hakuna aliyezungumza na anayepiga kabla mkono wake haujazoea, wala na mimi wa nyuma ya pazia. Mdogo wangu aliyesomea Korogocho alifundishwa hayo akiwa bado mtoto. Wavulana walisimamishwa wawili wawili wakafanya mazoezi ya kumkanya mwenzao kwa sauti. Wakati ule nilimcheka.

Nimeulizauliza kwa kuzunguka, nikijifanya ni habari za jirani. Jibu ni lile lile: hawajaoana, hiyo si kesi. Si kweli. Nimeisoma sheria ya mwaka wa 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, nayo inatambua hata uhusiano wa karibu usio na ndoa, na mateso ya kihisia imeyataja pia. Sheria naijua basi. Mdomo ndio mzito.

Jumatano ijayo tunawapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwenyekiti atazungumzia mapenzi yenye heshima, na aliyepangiwa kumkaribisha jukwaani ni mimi.

Nikimkabili nyumbani, nahofia hasira zitamshukia binti aliyenisihi ninyamaze. Nikienda kwa mlezi wa wanafunzi, nitakuwa nimeitoa siri ya mtu bila ruhusa yake. Kumwandikia binti siwezi, simu yake inasomwa na hata salamu tupu inaweza kumponza. Nimewaza kupitia kwa rafiki yake wa kike wanayekaa naye hosteli, lakini sijui huyo naye ana kifua kiasi gani. Kuhama ninaweza, nina shangazi Kayole atakayenipa godoro. Lakini nikihama, mle ndani binti atabaki na nani?

Na huyu rafiki yangu, je? Natamani aache, si afungwe tu. Pengine huo ni ujinga wa kumpenda mtu tangu kidato cha kwanza, au ni ile kodi inayonisemea. Nieleze nianzie wapi na nianze na nani, na ikiwezekana unijibu kabla ya Jumatano.

Aliyetia visikizi,
Nairobi