Vitabu vya shule havikuletwa vikae kabatini

Mhariri,

Mimi ni nahodha wa boti ya abiria na mizigo kati ya Lamu mjini na kisiwa cha Pate. Katoni za vitabu vya shule nazijua kwa uzito wake, maana Serikali ilianza kuvipeleka moja kwa moja shuleni mwaka 2018 ili kila mtoto apate chake. Tunazifunika turubali mara mbili zisirowe, na maji yakiwa yamekupwa pale Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari tunaopitia, tunangoja nazo mpaka yajae. Saruji haipati heshima hiyo.

Basi mwanangu wa gredi ya tano kila jioni analeta daftari lenye maswali ya ufahamu, hadithi yenyewe hana. Nikaenda shuleni. Vitabu vimo kabatini, vipya, katoni moja hata selotepu haijakatwa. Ufunguo anao mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu yuko Mokowe mkutanoni. Mwalimu wa darasa akaniambia kwa upole: "Vikitoka vitapotea, na wakija wakaguzi nitawajibu nini?"

Simlaumu sana. Mwalimu akiulizwa vilivyopotea tu, asiulizwe vilivyosomwa, atafunga kabati. Wizara iseme waziwazi kwamba kitabu kilichochakaa mikononi mwa mtoto si hasara, na wakaguzi wadai kuona daftari la kuazimia. Kinachopotea tulipe sisi wazazi. Harusi za siku saba twazimudu, kitabu kitatushinda?

Tena hivyo ni vya masomo. Vya hadithi ndiyo taabu zaidi. Maktaba iko Ngomeni, Amu, yaani ndani ya ngome ya Lamu mjini. Mtoto wa Siyu, huku kisiwani Pate, ataifikiaje? Nauli natoza mimi, najua wazazi wanavyoipapasa mifukoni. Na Siyu hiyo ndiko misahafu ilikokuwa ikinakiliwa kwa mkono karne ya 19!

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka maktaba mikononi mwa kaunti. Hatuombi jengo. Tunaomba masanduku ya vitabu vya hadithi, moja Siyu, moja Faza, moja Kizingitini, moja Ndau, yabadilishane kila muhula. Waheshimiwa watenge fungu la kununulia vitabu na la kumlipa mtu wa kuviandika vinapotoka na kurudi. Usafiri wasiuweke kwenye bajeti. Masanduku yaletwe gatini Amu, nitayabeba bila nauli.

Nahodha,
Siyu, Lamu