Waotesha miche tuache kufichana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na waotesha miche wenzangu wa Moshi na Arusha. Tunafichana mno. Ukimkuta mwenzako anabebesha parachichi, yaani anaunganisha kijitawi cha aina bora kwenye mche mwingine, kisu kinarudi mfukoni mpaka uondoke. Ukiuliza vikonyo, yaani hivyo vijitawi, kavikata mti gani, mazungumzo yanahamia kwenye mvua.

Hofu ya kupoteza wateja naielewa. Lakini mche wa parachichi uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Mkulima aliyeuziwa parachichi aina ya Hass isiyo Hass anagundua wakati huo, ameshamwagilia, ameshatia mbolea, pengine na mkopo anadaiwa. Hatamlaumu muuzaji mmoja. Atasema miche ya kando ya barabara haifai, na hapo tumeumia wote.

Tuangalie kahawa. Watafiti wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo walitoa aina zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, kisha bustani mama, yaani za miti ya kukatia vikonyo, zikafika hadi kwenye vikundi vya wakulima ili wazalishe miche wenyewe kwa vikonyo vinavyochomekwa udongoni vitoe mizizi. Kazi hiyo ina jambo moja ambalo lazima uambiwe: kikonyo kitoke kwenye chipukizi linalokua wima. Cha tawi la pembeni kitatoa mizizi na majani ya kupendeza, ila mche utaendelea kulala upande, hautasimama kuwa mti. Kumweleza mtu hilo ni nusu dakika. Asiyeelezwa anapoteza msimu mzima, na viriba, na udongo, na maji.

Linaloniuma zaidi ni kuficha magonjwa. Vimelea vinavyoozesha mizizi ya parachichi husafiri na udongo na maji. Mche mmoja mgonjwa ukiingia kihambani, shamba la nyumbani, kuvitoa tena ardhini ni kazi karibu isiyowezekana, na maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yaliyopita kitaluni kwangu ndiyo yanayoshuka kwako. Miche ikianza kunyauka, majirani waambiwe siku hiyohiyo. Kunyamaza hapo ni kumdhulumu mwenzako.

Marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa hapa Moshi na mmoja wa walioanzisha mradi wa kuhifadhi mpingo mwaka 1996, aliwafundisha hata watoto wa shule kuotesha miti. Sisi watu wazima tunashindwaje kufundishana?

Napendekeza kila mche uuzwe na kibandiko chenye jina la aina, mti mama ulikotoka kikonyo na tarehe ya kubebeshwa. Na kwenye maonesho ya Nane Nane pale Themi, Arusha, tusipange miche iliyostawi tu. Tuweke meza ya kubebesha mbele za watu, na miche iliyokufa iletwe pia, tuichunguze pamoja na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Tengeru wanaojua matunda.

Kitalu changu kiko wazi kwa mwotesha miche yeyote. Aje na kisu chake na vikonyo vyake, tubebeshe pamoja.

Mwotesha miche,
Kibosho, Moshi