Salamu za Krismasi kutoka Pennsylvania: fungu la aliye mbali

Ndugu, jamaa na marafiki mlioko Kitui, Makueni, Mombasa na Arusha, pamoja nanyi majirani zetu wa Erie na Lancaster mliotoka Kongo: Bwana Yesu asifiwe. Nawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya wa 2026. Mungu awazidishie afya, awafungulie milango iliyofungwa, awape amani majumbani na riziki iliyo halali. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ameniomba niandike salamu kwa niaba ya wazee, na amenisihi zisiwe ndefu. Mnanijua.

Mwaka huu wa 2025 umetukamua. Serikali ya Marekani ilifungwa kwa kukosa bajeti tarehe 1 Oktoba ikafunguliwa tarehe 12 Novemba, siku 43, na katika siku hizo kuna wenzetu waliokwenda kazini kila asubuhi bila kulipwa. Familia za wanajeshi zilingoja tarehe 15 Oktoba roho mkononi, hazijui kama mshahara utaingia au hautaingia. Uliingia, lakini mtu aliyelala wiki nzima akihesabu kodi ya nyumba hawezi kurudishiwa usingizi ule. Novemba ikaja na msaada wa chakula ukakwama. Nyama ya ng'ombe ya kusaga imepita dola 6 kwa ratili, na tunaambiwa nchi hii haijawa na ng'ombe wachache namna hii tangu 1951. Kwa hiyo mkinipigia simu kunieleza bei ya mbuzi Machakos na nauli ya Desemba, nawaelewa. Ila msidhani huku tunaokota.

Kisha Agosti tukampoteza mzee jirani yetu. Wengi wenu hamkumjua, na waliomjua walimwogopa kidogo, kwa sababu alikuwa hacheki na mbwa wake vilevile. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwinda. Najua mtashangaa Mkamba kufundishwa kuwinda na mzungu, lakini hesabuni wenyewe: Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, upinde wa babu ukawa kitu cha kufichwa darini, na baba yangu akatulea kwa ualimu. Mimi nilikuja kupanda dungu, kile kiti cha juu cha kuvizia, kwa mara ya kwanza nikiwa na mvi, huku Pennsylvania, nimevaa fulana na kofia ya rangi ya chungwa inayowaka, kwa maana sheria yao inataka inchi za mraba 250 za rangi hiyo kichwani, kifuani na mgongoni usije ukadhaniwa kulungu. Mzee alinikagua kama mwalimu wa zamu anavyokagua kucha.

Alikuwa amepigana Vietnam. Hakusimulia vita, na kofia zile zilizoandikwa jina la vita hakuwa nazo. Alichosimulia ni boksi moja lililomfikia kule kutoka kwa wawindaji wa kijiji chake: soksi za sufu, ambazo katika joto lile hazikuwa na kazi yoyote, na karatasi iliyotaja nani ameua kulungu gani, upande gani wa kilima, na kwamba mahali pake pale kando ya kijito hapajakaliwa na mtu. Soksi alizigawa. Karatasi alirudi nayo.

Ndipo nilipoelewa utaratibu wao. Msimu wa bunduki unapofunguliwa, Jumamosi baada ya sikukuu yao ya Shukrani, kundi lile huwinda pamoja, na jioni nyama hukatwa juu ya meza ndefu ndani ya gereji. Huwekwa mafungu. Fungu la kila mwindaji, kisha kulungu mmoja au wawili wa kupelekwa kwa Hunters Sharing the Harvest, shirika ambalo tangu 1991 limekuwa likipeleka nyama ya windo kwa wenye njaa, nao hukadiria kulungu mmoja ni milo kama 200. Kisha fungu la nyumba ambayo mtu wake yuko ng'ambo na jeshi. Hilo halijadiliwi wala halipigiwi kura. Aliyekwenda ana fungu lake kana kwamba amesimama pale na kisu mkononi. Na wanaoipeleka nyama hawaishii mlangoni. Wanatazama kuni zimebaki ngapi, tairi za gari zimechakaa kiasi gani, bomba la jiko limezibwa na masizi au la. Halafu wanaondoka. Kahawa yenyewe huinywa wamesimama.

Nawaambia haya kwa sababu nimeishi hapa miaka mingi nikisikia ile sentensi ya kuwashukuru wanajeshi kwa utumishi wao, uwanja wa ndege, dukani, kwenye mechi. Ni sentensi nzuri na haimgharimu msemaji hata senti. Wazee wale wa kulungu sijawahi kuwasikia wakiisema.

Januari 2020 nilijifunza jambo jingine kwao. Tarehe 5 mwezi huo Al-Shabaab waliivamia kambi ya Manda, kwetu Lamu, na Wamarekani 3 wakauawa, mmoja mwanajeshi na wawili wafanyakazi wa kandarasi. Mzee alinijia jioni, akanitaka nimwonyeshe Manda kwenye ramani. Nikamwonyesha kisiwa, mlango wa bahari, Lamu yenyewe ng'ambo ya maji. Alitazama sana, akauliza kama watu wa hapo ni wawindaji. Nikamwambia ni wavuvi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akaenda zake. Kwake yeye ilitosha kujua kwamba vijana wale walifia mahali penye watu wanaotafuta kitoweo chao.

Sasa niseme la kwangu, kwa kuwa mwenyekiti hatalifuta. Kijana wetu, mnayemjua tangu akiwa mwimbaji wa Jumapili ya watoto, yuko Mashariki ya Kati na kikosi cha Walinzi wa Taifa, wanajeshi wa akiba wa jimbo (National Guard). Mahali hasa hatutaji, na nawaomba nanyi msitaje hata mkikisia. Jumamosi ile ya kwanza ya msimu, tarehe 29 Novemba, alipiga simu usiku wake. Hakuuliza habari za mama yake, hakuuliza mguu wangu. Aliuliza, "Baba, nani amekaa dunguni kwangu?" Nikamjibu hakuna. Akanyamaza. Nikasikia pumzi yake tu. Nikamwambia mtandao ni mbaya, tutazungumza kesho, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Kulikuwa na dume moja la kulungu, pembe zake zina ncha nane, ambalo amekuwa akilifuatilia tangu mwaka jana. Vijana wa kundi walikuwa wakimtumia picha zake kutoka kwenye kamera wanazofunga mitini, naye anaziangalia baada ya zamu. Walikubaliana dume lile lisiguswe mpaka arudi. Mmoja wao alinung'unika sana, na simlaumu, maana lilipita chini yake likisimama kana kwamba linamdhihaki. Jumatatu tukasikia mlio wa bunduki kutoka shamba la pili, ng'ambo ya kijito, na tangu siku hiyo kamera hazijalipiga picha. Kijana hatujamwambia. Kulungu hasomi makubaliano, na jirani wa ng'ambo ya kijito hakuhudhuria mkutano.

Maboksi ya Krismasi tuliyapeleka posta ya jeshi mapema Desemba, maana wakichelewesha ni Krismasi ya Februari. Mama watoto alitaka kutia soseji za kulungu alizotengeneza mzee kabla hajafa, zilizobaki kwenye friza. Hazikwenda. Soseji za kulungu hutiwa mafuta ya nguruwe, kwa kuwa kulungu hana mafuta ya kutosha, na vitu vya nguruwe haviruhusiwi kutumwa kwa posta kwenda kambi nyingi za nchi zile, kama pombe. Fomu ya forodha inataka kila kitu kiandikwe, na mwanamke yule hawezi kuandika uongo hata kwa Kiingereza. Tukatia soksi, kahawa, majani ya chai ya Kericho, tambi za kukaanga, na karatasi ya majina: nani ameua gani, upande gani. Soseji zimerudi kwenye friza. Hakuna anayethubutu kuzipika.

Nyanya yangu alinisimulia kitu ambacho sikukipa uzito utotoni. Babu alikuwa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, Divisheni ya 11, ile iliyoteremka bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944 katika mvua na matope. Mwaka huohuo, tarehe 12 Februari, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao askari wetu wa mizinga wa Afrika Mashariki. Habari zilifika vijijini vipandevipande, na kila nyumba yenye askari ilikaa ikingoja kujua ni meli gani. Wadogo zake babu waliendelea kuwinda, na kila windo nyanya alikata kipande cha mume wake akakitundika uchanjani juu ya moto. Watoto walikidokoa usiku, naye alijifanya haoni, kisha akatundika kingine. Alisema angeacha kukata, wangedhani hayupo tena. Babu alirudi. Alidai fungu lake, akakuta ni mfupa, na wakacheka mpaka majirani wakaja.

Basi wapendwa, wazee wamenituma niseme neno, na neno ni hili. Someni 1 Samweli sura ya 30. Watu 200 wa Daudi walichoka wakabaki kijito cha Besori kulinda vyombo. Waliokwenda vitani waliporudi na nyara, baadhi yao wakasema hawa wasipewe kitu. Daudi akakataa: aliyeshuka vitani na aliyebaki na vyombo watagawana sawasawa. Tumezoea kuisoma kwa ajili ya waliobaki, tukimtazama mama anayelea watoto peke yake. Na tumtazame kweli! Lakini ukiisoma ukiwa umemtuma mtoto, unaona pia upande wa pili. Nyumbani kuna nyara zake vilevile: kuna mbuzi, kuna harusi, kuna maziko, kuna kicheko cha sikukuu, na aliye mbali ana sehemu yake humo. Je, tunamwekea?

Nasema na ninyi mlioko nyumbani Kenya. Vijana wetu wengi waliingia jeshi la Marekani, wengine kupitia mpango ule wa 2008 wa kuwachukua wahamiaji wenye lugha adimu, Kiswahili kikiwemo, wengine baada ya kadi ya kijani, kibali cha kuishi Marekani. Simu zenu zinawafikia. Zinawafikia zikiwa na karo, na bati, na matanga ya mtu ambaye kijana hakumjua. Siwazuii kuomba, shida zipo na mwaka huu zimezidi. Lakini mpigieni mara moja Desemba hii bila ombi. Mwambieni ng'ombe gani amezaa, nani ameoa, mwembe wa nyuma ya nyumba umezaa au umegoma. Mtu aliyeko zamu saa nane usiku jangwani hawezi kula sifa mnazomwandikia chini ya picha.

Nasema pia na familia za askari polisi wetu walioanza kwenda Port-au-Prince, Haiti, Juni 2024, na za wanajeshi wa Kenya (KDF) walioko Somalia. Ninyi hamna posta ya jeshi la Marekani wala gereji yenye meza ndefu, na waliokufa kambi ya El Adde, Somalia, Januari 2016 bado wana meza zenye pengo. Kanisa lisingoje jeneza ndipo likumbuke nyumba hizo. Ninyi wazee wa kanisa, mnaopanga michango kwa ustadi hivi wa kamati na katibu na mweka hazina, mshindwe kujua ni nani katika mtaa wenu aliye Haiti? Nani amemkatia mkewe kuni? Nani amekwenda mkutano wa wazazi shuleni kwa niaba yake? Mtu asiniambie hana uwezo. Wawindaji ninaowasema ni mafundi bomba na madereva wa malori, na mmoja hana kazi tangu Machi.

Na wawindaji wenzangu nao nisiwaache. Sheria ya zamani ya kukataza kuwinda Jumapili imefutwa Pennsylvania mwaka huu, na tarehe 30 Novemba, Jumapili ya kwanza ya Majilio, mabenchi ya wanaume yalikuwa matupu, mchungaji akahubiria kofia za akina mama. Kulungu yupo Jumatatu. Tafadhali.

Kwa walioondokewa mwaka huu, Mungu awafariji. Kwa wagonjwa, awaponye. Wanafunzi wafaulu, wachumba wafunge ndoa, wasafiri wafike salama, na walioko zamu usiku wa mkesha walindwe wao na silaha zao zisipate kazi. Mama watoto anawasalimu wote, anasema mbuzi wa Krismasi mwaka huu ni mmoja, tugawane kwa upendo, na watu wa Erie waje na sambusa kama walivyoahidi.

Msimu wa bunduki za gumegume unaanza tarehe 26 Desemba. Mwenye leseni na viatu visivyopitisha theluji anipigie kabla ya mkesha, maana kuna nyumba mbili zaidi kwenye orodha yetu ya nyama na friza la gereji limebakiwa na mbavu tu.

Wasalaam.